Muthiga Nyuma ya Jikoni

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa mapumziko Kenya nzima ili tupande miti. Mtaani kwetu miche ililetwa na pikapu, nikainama kuipitia mmoja mmoja: grevilia, saiprasi, na zile ashoki nyembamba kama milingoti. Grevilia asili yake Australia, saiprasi Mexico, ashoki India. Sina ugomvi na wageni, chai yenyewe ninayokunywa ni mgeni. Lakini siku hiyo ya kitaifa hakukuwa na mwenyeji hata mmoja kwenye pikapu?

Nikaenda kwa mama mmoja mwenye kitalu kando ya barabara, nikanunua muthiga. Wamaasai wanauita osokonoi. Ni mti wa misitu yetu ya nyanda za juu, kijani mwaka mzima, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

Niseme ukweli: hauna haraka. Anayetaka ua wa kujificha majirani kufikia Krismasi aachane nao. Tena ukikomaa unaweza kupita mita 20, kwa hiyo kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia usiuegemeze ukutani. Na ukiotesha mwenyewe, mbegu usizianike uweke koponi kama mahindi. Zikikauka zimekufa, zipande mbichi.

Kinachonikera ni gome. Lina ukali wa pilipili, ukilitafuna ulimi unawaka na pua inafunguka, ndiyo maana watu wamelitumia tangu zamani kwa kikohozi na maumivu ya jino. Lakini wachunaji wa siku hizi hawabanduli kipande wakaondoka. Wanauzungusha mti kisu kiunoni, chakula kutoka majanini hakifiki tena mizizini, na mti uliochukua miaka hamsini unakauka umesimama. Na majani nayo ni makali vilevile! Mawili kwenye supu ya mifupa yanatosha, huhitaji pilipili. (Sisemi uache hospitali, nazungumzia supu.) Majani ukichuma yanaota mengine.

Wangu sasa unanifika kifuani, shina halijazidi kidole gumba. Juzi mzee mmoja tunayesali naye alipita, akauona, akaingiza mkono mfukoni.

"Nipe gome kidogo tu, kijana wangu, kifua kinanisumbua."

Nilimchumia majani, kiganja kikajaa. Kisu nilimwomba akirudishe mfukoni.