Mbwa wa pua, mbwa wa meno

Katika mechi kubwa za futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu kusini mwa Marekani, dakika za mwisho huwa na mchezo wa pili usiotangazwa. Polisi wa jimbo huanza kujipanga kuzunguka uwanja, na kwenye viwanja kadhaa baadhi yao hushika kamba yenye mbwa: mchungaji wa Kijerumani au Malinois wa Ubelgiji, masikio wima, ulimi nje. Majukwaani watu wanakaribia laki moja na wanapiga kelele. Mbwa hajui matokeo. Anachojua ni kwamba mbele yake kuna watu wanakimbia.

Aliyewahi kwenda Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga, akapishana na askari wa Kikosi cha Mbwa na Farasi, atauliza ajabu iko wapi. Ajabu iko mahali mbwa aliposimamishwa. Mbwa wa getini ni habari moja. Mbwa aliye hatua nne kutoka kwa kijana wa miaka 19 anayekimbia kwa nguvu zake zote bila kumtazama ni habari nyingine kabisa.

Mjadala huu hurudi kila msimu, na kila ukirudi wanaotaka mbwa waondolewe pembeni mwa uwanja huambiwa neno lile lile: nyinyi hamtaki usalama. Nadhani hawasikilizwi vizuri. Ila haki kwanza itendeke kwa upande wa pili, maana nao hawasemi upuuzi.

Oktoba 1, 2005, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Oklahoma alikufa kwa bomu alilokuwa nalo mwenyewe, akiwa nje ya uwanja, huku ndani watu zaidi ya 80,000 wakitazama mechi. Hakuna mwingine aliyeuawa. Mkuu wa usalama wa chuo chochote akikumbuka siku ile, huwezi kumlaumu akitaka kila mbwa anayeweza kumpata. Halafu kuna uvamizi wa uwanja. Oktoba 2022 timu ya Chuo Kikuu cha Tennessee waliifunga ya Alabama 52 kwa 49, mashabiki wakang'oa milingoti ya goli na kwenda kuitupa mtoni. Miaka miwili baadaye Vanderbilt wakaifunga Alabama hiyo hiyo 40 kwa 35, na milingoti ya uwanja wao mjini Nashville nayo ikaishia mtoni. Muungano wa vyuo vya kusini-mashariki, SEC, sasa unatoza chuo dola 500,000 kila mashabiki wake wakivamia uwanja. Wala si suala la pesa tu: mwaka 1993, pale Wisconsin walipoifunga Michigan, makumi ya wanafunzi walibanwa na kukanyagwa wakiteremka uwanjani. Askari anayetakiwa kumtoa mwamuzi na timu ngeni salama katika wimbi la namna hiyo ana haki ya kuogopa.

Hayo yote nayakubali. Kinachonishinda ni kuona hoja ya mnyama mmoja ikitumika kumtetea mwingine.

Kuna mbwa wa pua na kuna mbwa wa meno. Wa pua mara nyingi ni labrado, mpole, masikio yameanguka. Akinusa kilipuzi hafanyi fujo; anakaa chini, basi, na mwongozaji wake anajua. Chuo Kikuu cha Auburn, kilichopo Alabama kwenyewe, ndicho kilichobuni njia ya kumfundisha mbwa kufuata harufu inayobaki hewani nyuma ya mtu anayetembea na kilipuzi, ili umati upite bila kila mmoja kusimamishwa. Mbwa huyu kazi yake ni asubuhi: chini ya viti, kwenye mapipa ya taka, kwenye magari ya televisheni, kisha getini. Sijamsikia mtu makini anayempinga. Kama Oklahoma ni hoja, ni hoja ya huyu.

Mbwa wa meno hufundishwa kukimbiza, kung'ata na kushikilia mpaka aambiwe aachie. Wapo waliofundishwa kazi zote mbili, na hapo ndipo mambo huchanganyika. Anayenusa asubuhi huletwa pembeni mwa uwanja jioni, kwa kuwa yupo, kwa kuwa anapendeza kwenye kamera, na kwa kuwa hakuna aliyejiuliza. Lakini jioni ile hakuletwa kwa ajili ya pua yake.

Sasa tupige hesabu ambayo kila nikiirudia naona haikai sawa. Kanuni za mchezo wa vyuo zinaweka mstari wa mpaka futi 12 kutoka ukingo wa uwanja, ambazo ni kama mita 3 na nusu na kitu. Wasiohusika na mchezo wanatakiwa wakae nyuma yake. Mchezaji anayewania mpira pembeni anaweza kuwa na mwendo wa kilomita 30 kwa saa, yaani mita 8 na zaidi kwa sekunde. Akisukumwa nje, nafasi yote ile ataimaliza kwa chini ya nusu sekunde. Kamba ya mbwa nayo ina urefu wake, na kila futi ya kamba inapunguza zile 12. Juu ya hayo, askari aliyewekwa kulinda uwanja dhidi ya mashabiki hutakiwa kutazama jukwaani, hivyo mchezo unakuwa mgongoni mwake. Mtu pekee anayeweza kumzuia mbwa kwa wakati ndiye ambaye hauoni mpira unakuja.

Isitoshe, mbwa wa meno hufundishwa vipi? Mtu huvaa nguo nene iliyojazwa sufi au sponji, mabega yametanuka, anakimbia, anapiga kelele, mbwa anaachiwa. Kisha mtazame mchezaji wa futiboli ya Kimarekani: mabega yametanuka kwa vifaa vya kujikinga, anakimbia, watu wanapiga kelele, na safari hii anakuja moja kwa moja kwa mbwa.

Nani kasema hili ni la kufikirika? Novemba 1996, Georgia walicheza ugenini dhidi ya Auburn. Robert Baker wa Auburn alidaka mpira, akafunga, na mbio zake zikamfikisha pembeni alipokuwa Uga wa Tano, yule buldogi mweupe ambaye ni nembo hai ya Georgia. Mbwa yule mnene, mwenye miguu mifupi na jezi mgongoni, alisimama kwa miguu ya nyuma akamrukia. Alimkosa. Mechi ikaenda nyongeza nne, Georgia wakashinda 56 kwa 49, na picha ikawa kipenzi cha mashabiki wao. Mwaka 2006 Smokey, mbwa wa nembo wa Tennessee, aliripotiwa kumng'ata kidogo mchezaji wa Alabama aliyemwangukia wakati wa kupasha misuli. Na hawa ni mbwa wa kudekezwa, wanaopigwa picha na watoto. Kama buldogi aliyelelewa kwenye mazulia ameshindwa kujizuia, sioni ni kwa nini nimwamini zaidi yule aliyelipiwa mafunzo ili asijizuie.

Watetezi hujibu kwamba mbwa wa polisi ana nidhamu kuliko mbwa wa nembo. Ni kweli, na waongozaji wengi huishi na mbwa hao nyumbani, na watoto wao. Ila nidhamu yake ni ya kufuata amri, na katika ile nusu sekunde amri haijatoka.

Swali linalokwepwa zaidi ni hili: umati ukishuka, mbwa atafanya nini hasa? Hawezi kuachiwa. Ukimwachia katikati ya wanafunzi 20,000 wenye furaha atashika mguu wa kwanza anaoukuta, pengine wa binti anayejaribu kutoka, na kila aliye nyuma yake atarudi kwa hofu na kuwakanyaga wengine. Yale ya Wisconsin yatajirudia, sasa kwa mkono wa polisi. Wachezaji wenyewe wakipigana, vivyo hivyo. Novemba 2024, Michigan walipowafunga Ohio State 13 kwa 10 mjini Columbus na kwenda kusimika bendera katikati ya uwanja, ngumi zikazuka na polisi wakatumia dawa ya pilipili. Katika rundo lile, mbwa angemng'ata nani? Basi kazi inayobaki ni moja, kutisha. Na kitisho usichoweza kukitimiza, wanafunzi wa chuo hukigundua haraka.

Hapo tunafika kwa wanaotishika kweli. Wapinzani wa mbwa hawa wakiutaja mji wa Birmingham, Alabama, huambiwa wanafukua makaburi, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mei 3, 1963, Bill Hudson wa shirika la AP alipiga picha ya mbwa wa polisi akimrukia tumboni kijana Mweusi katika mtaa wa Birmingham, askari akiwa ameshika kamba. Ilikuwa siku za Bull Connor, mkuu wa usalama wa mji ule, na mabomba ya maji dhidi ya waandamanaji waliodai haki za Weusi. Leo katika bustani ya Kelly Ingram mjini humo kuna njia nyembamba yenye sanamu za mbwa wanaochomoza kutoka kwenye kuta za pande zote mbili, meno nje, na mgeni hupita katikati yao. Siweki picha ile na ya Uga kwenye mizani moja. Nasema tu kwamba katika majimbo haya watu wamewahi kuona mbwa akimrukia kijana Mweusi, na si wote waliocheka.

Wala unyasi huu haujaisha nyoka. Waandishi wa The Marshall Project, chombo cha habari za sheria na magereza, na wenzao, waliopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2021 kwa uchunguzi wao kuhusu mbwa wa polisi, waliripoti kwamba kati ya mwaka 2005 na 2013 Wamarekani kama 3,600 kwa mwaka walifikishwa idara za dharura hospitalini kwa kung'atwa na mbwa hao. Igawe: karibu watu kumi kila siku. Wanaume Weusi walizidi uwiano wao. Ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani kuhusu polisi wa mji wa Ferguson, Missouri, ya Machi 2015, ilikuta kwamba katika kila tukio la kung'atwa ambalo rangi ya mtu ilijulikana, aliyeng'atwa alikuwa Mweusi. Mbwa haoni rangi, wanasema, na mimi nakubali. Anayeshika kamba anaiona. Katika daraja la juu la mchezo huu karibu nusu ya wachezaji ni Weusi, na ndio wanaotakiwa kukimbia kuelekea kwenye kamba hiyo bila kupunguza mwendo.

Kuhusu mbwa mwenyewe sitasema mengi. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Washington uliwahi kupimwa desibeli 133 mwaka 1992, na sikio la mbwa ni jepesi kuliko letu. Anayempenda mnyama wake angemweka mbali na kelele hizo.

Msimamo wangu ni mdogo kuliko wanaoupinga wanavyoudhania. Mbwa wa pua afanye kazi yake asubuhi, na geti lote liwe lake. Mbwa wa meno, kama ni lazima awepo, akae kwenye gari lenye ubaridi nje ya njia ya kuingilia wachezaji. Nimeshajibiwa kwamba akiwa garini atachelewa dakika nzima. Sawa, achelewe. Katika dakika hiyo askari atapata nafasi ya kuamua kama kweli anamhitaji.