Mama Si Mzazi? Tuhesabu Tena Kura za Kesi ya Orestes

Anayetaka kuonyesha jinsi Wagiriki wa kale walivyomdharau mwanamke hukimbilia hotuba moja. Mungu Apollo amesimama mahakamani Athens kumtetea Orestes, kijana aliyemuua mama yake. Hoja yake ni hii: huyo mnayemwita mama si mzazi, ni mlezi tu wa mbegu iliyopandwa ndani yake. Anayezaa ni yule aliyepanda. Ushahidi? Mtazameni Athena, mungu wa kike wa mji huu, ameketi hapo hapo. Baba yake ni Zeus, mfalme wa miungu, na hakuna tumbo lililombeba.

Sisi tuliokua tukisikia kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lazima tugune.

Hotuba hiyo imo katika tamthilia ya Aeschylus iliyochezwa mwaka 458 KK, ya mwisho katika mfululizo wa tatu zinazosimulia mkasa wa nyumba ya Agamemnon. Kisa kinajulikana. Baba anamtoa binti yake Iphigenia kafara ili merikebu zipate upepo wa kwenda Troy, mke anamuua mume aliporudi vitani, mwana anamuua mama kulipa kisasi cha baba. Erinyes, miungu wa kike wa kisasi, wanamwandama mwana huyo mpaka Athens, ambako Athena anaunda baraza la kusikiliza kesi za mauaji juu ya kilima cha Areopago. Ndiyo Areopago ile ile ya Matendo ya Mitume, alikohubiri Paulo karne tano baadaye.

Wanaosema kwamba kisasili ni kioo cha jamii iliyokitunga wana hoja nzito. Mwanamke wa Athens aliishi chini ya mlezi wa kiume, baba kwanza, kisha mume, kisha pengine mwanawe. Sheria haikumruhusu kufanya mapatano yanayozidi thamani ya kipimo kimoja cha shayiri, yaani kama lita 50. Binti aliyeachwa bila ndugu wa kiume aliweza kudaiwa na jamaa wa karibu wa baba yake ili amuoe, mali isitoke nje ya ukoo. Mwandishi Xenophon anatuonyesha bibi harusi ambaye hajatimiza miaka 15. Watunzi wa tamthilia walikuwa wanaume, waigizaji wanaume, na hata Clytemnestra, yule mama aliyeuawa na Orestes, alikuwa mwanamume aliyevaa barakoa. Jamii kama hiyo ikimweka mungu jukwaani aseme mama si mzazi, kwa nini tusiamini kwamba imesema ya moyoni? Wengine wakaenda mbali zaidi. Mwaka 1861 Johann Jakob Bachofen, msomi wa Uswisi, alidai kwamba kesi hii ni kumbukumbu ya siku ambayo utawala wa akina mama ulipinduliwa na utawala wa akina baba. Hilo la Bachofen limeshazikwa. La kioo bado linatembea.

Shida yangu na watu wa kioo ni kwamba wanaisoma hotuba, kisha wanafunga kitabu kabla kura hazijahesabiwa.

Athena ametangaza kwamba zikilingana, mshtakiwa ameachiwa. Vijiwe vya kupigia kura vinamwagwa, vinahesabiwa, vimelingana. Wataalamu wamebishana muda mrefu kama kura ya Athena mwenyewe ni mojawapo ya zile zilizolingana, au aliiongeza ili kuvunja sare. Chagua upande unaoupenda. Kama imo ndani ya sare, basi wanadamu waliotaka Orestes ahukumiwe waliwazidi kwa mmoja wale waliotaka aachiwe, na aliyemwokoa ni mungu. Kama haimo, wanadamu waligawanyika nusu kwa nusu. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kuliko inavyostahili, na kila mara jibu ni moja: hakuna namna ya kuhesabu inayompa Apollo wingi wa kura za watu wa Athens. Hotuba tunayoambiwa ni imani ya jamii nzima ilishindwa kupata wengi pale jamii hiyo ilipoketishwa jukwaani na kupewa vijiwe mkononi.

Halafu tumtazame wakili mwenyewe. Kabla ya kufikia habari za mbegu, Apollo amekwisha kunaswa. Amesema Zeus anathamini zaidi kifo cha baba, na Erinyes wakamjibu papo hapo: Zeus si ndiye aliyemfunga minyororo baba yake, Kronos? Apollo anapandwa na hasira, anawatukana kuwa ni wanyama wa kuchukiza. Hoja ya mbegu inakuja baada ya hapo, na nyuma yake inafuata ahadi ya kuukuza mji wa Athena na kumpa Orestes awe mshirika wake wa kudumu. Mtu aliyewahi kukaa mahakamani anaijua harufu hiyo.

Na ule ushahidi wake? Hesiod, mshairi ambaye Wagiriki walimtegemea kwa nasaba za miungu, anasimulia kwamba Zeus alimmeza mkewe Metis akiwa na mimba ya Athena, ndipo mtoto akatokea kichwani mwa baba. Kielelezo kikuu cha mtoto asiye na mama, kumbe, alikuwa na mama, ila alimezwa. Athena anasema hakuna mama aliyemzaa. Ni vigumu kuamini kwamba katika umati ule hakuna aliyemkumbuka Metis.

Kuna jambo linalonisumbua upande wangu pia, sitalificha. Katika kesi yote ile jina la Iphigenia halitajwi. Mama aliyeua kwa sababu binti yake alichinjwa kama mbuzi anazungumziwa kama muuaji wa mume basi, wala Erinyes hawamkumbuki mtoto huyo. Watu wa kioo wakinikabili kwa ukimya huo, sina jibu zuri. Lakini tamthilia ya kwanza ya mfululizo ilichezwa siku hiyo hiyo, na kwaya yake iliimba kwa kirefu juu ya msichana aliyezibwa mdomo madhabahuni. Watazamaji walikuwa bado wana sauti hiyo masikioni.

Sasa toka ukumbini uingie kwenye sheria. Athens iliruhusu ndugu wa baba mmoja na mama tofauti kuoana. Wa mama mmoja ilikuwa marufuku. Sheria iliyoamini kwamba mama ni chungu cha kuoteshea mbegu tu ingeandikwaje hivyo? Kwayo, tumbo ndilo lililokuwa mpaka usiovukwa.

Kisha likaja la mwaka 451 KK, miaka saba tu baada ya tamthilia. Kwa pendekezo la Pericles, kiongozi mashuhuri wa Athens, mji ulipitisha kwamba raia ni yule aliyezaliwa na baba na mama wote wawili wa Athens. Kabla ya hapo baba alitosha. Cleisthenes aliyeweka misingi ya demokrasia mama yake alitoka Sicyon, mji mwingine wa Wagiriki, na jemadari Cimon mama yake alikuwa binti wa mfalme wa Thrakia. Sheria mpya ilimfanya mama, yule ambaye Apollo alimwita mlezi wa mbegu, kuwa nusu ya uraia.

Najua nitakachoambiwa: hawakufanya hivyo kwa kumheshimu mama. Ni kweli. Andiko la shule ya Aristotle kuhusu katiba ya Athens linatoa sababu kavu, kwamba raia walikuwa wamezidi. Mwanamke hakupata kura wala sauti. Sisemi tamthilia ilizaa sheria. Ninachosema ni kwamba swali lile, mtoto ni wa nani na anatoka wapi, lilikuwa moto mjini, na jukwaa lilikuwa mahali pa kulisukuma mpaka ukingoni, hata kwa kulitamka jibu la upande mmoja kwa ukali ambao hakuna mtunga sheria aliyethubutu. Kioo hakigawanyiki kura sawa kwa sawa.

Pericles hakuwa mgeni wa jukwaa hilo. Mwaka 472 ni yeye aliyegharimia kwaya ya Aeschylus. Baadaye aliishi na Aspasia, mwanamke mgeni kutoka mji wa Miletus, wakapata mtoto wa kiume ambaye kwa sheria ya baba yake mwenyewe hakuwa raia, kwa sababu ya mama. Tauni iliyoanza mwaka 430 ikawachukua wanawe wawili wa ndoa, Xanthippus na Paralus. Mzee akasimama mbele ya mji kuomba sheria yake ilegezwe kwa ajili ya yule aliyebaki. Walimhurumia, wakamwandikisha kijana kwa jina la baba yake. Mwaka 406 alikuwa miongoni mwa majemadari walioshinda vita vya majini vya Arginusae, na miongoni mwa sita ambao mji, kwa kura, uliwaua waliporudi.