Muniachie njia nipande Kadutu mwenyewe

Hapa Bukavu mwanamke anabeba gunia linalomzidi uzito, kamba imempita kwenye paji la uso, anapanda nalo toka kandokando ya ziwa mpaka soko ya Kadutu, na hakuna mtu anageuka kumuangalia. Mwanamke huyohuyo akiambiwa leo ana kansere, kesho hata kikombe cha chai kinamfuata kitandani. Lala mama, usijichokeshe, acha sisi tufanye. Hakuna aliyemuuliza kama amechoka. Mimi niko na kansere ya titi, nimepasuliwa, nimepita kwenye shimio, zile dawa kali za kuua kansere, na maoni yangu ni haya: hii huruma ya kutulaza inatumaliza polepole, na wanaoifanya ni watu wanaotupenda, njo maana ni ngumu kuikataa.

Nianze na uchovu juu njo wote wanautaja. Uchovu wa kansere na wa shimio haufanani na ule wa kushinda sokoni. Ule wa soko unalala, unaamka, umeisha. Huu unalala usiku kucha na unaamka nao vilevile, mwili mzito, miguu haikutii, kichwa kinasahau hata jina la jirani. Sasa watu wakiona hivyo wanasema si mnaona, alale tena. Lakini misuli isiyotumika inaisha, na inaisha haraka, moyo na mapafu navyo vinazoea kukaa, baada ya muda kwenda tu chooni nje ya nyumba kunakufanya uheme, basi wanakukataza hata choo, wanakuletea ndoo. Hapo mtu anaanza kukonda miguu, na majirani wanasema eh, kansere imemshika vibaya, kumbe sehemu nyingine ni kitanda.

Hii sijaivumbua mimi. Zamani hata wamunganga wenyewe, madaktari wa hospitali, walikuwa wanasema pumzika, siku hizi wamegeuka. Shirika la Afya Duniani, OMS, kwenye maelekezo yake ya 2020 liliwahesabu waliopata kansere pamoja na watu wazima wengine: dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kadiri, na siku 2 au zaidi za kazi ya kutia misuli nguvu, na asiyeweza kufika huko afanye anachoweza, kidogo ni bora kuliko bure. Wataalamu wa mazoezi wa Marekani, wale wa American College of Sports Medicine, 2019 wakaandika kwamba nusu saa mara 3 kwa wiki inasaidia kupunguza uchovu, wasiwasi na huzuni ya mgonjwa wa kansere. Nusu saa jamani. Ni muda ule tunaupoteza tukibishana bei na watu wa moto, zile pikipiki za kubeba watu.

Alafu 2025 yakatoka majibu ya utafiti ambao mimi nausimulia kwa kila mtu mpaka wamenichoka nyumbani. Unaitwa CHALLENGE, ulifanyika zaidi Kanada na Australia, watu 889 waliokuwa wamepasuliwa kansere ya utumbo mpana na kumaliza shimio. Nusu walipewa kitabu cha mashauri ya afya, nusu nyingine kitabu pamoja na mtu wa kuwafuatilia mazoezi kwa miaka 3. Baada ya miaka 8, upande wa mazoezi walikuwa hai kama 90 kwa kila 100, upande wa kitabu peke yake 83. Na mazoezi yenyewe hayakuwa ya kutisha, kwa wengi ilikuwa sawa na kuongeza kutembea kwa haraka robo tatu ya saa mpaka saa moja, mara 3 au 4 kwa wiki. Ni kweli ile ni ya utumbo na yangu ni ya titi, na wale walikuwa wamemaliza shimio hawakuwa katikati yake, kwa hiyo sikuji kukuambia kutembea kunaponya kansere, hakuponyi, dawa zako meza. Lakini angalia kitu kimoja: kitabu walipewa wote. Kilichowatofautisha ni kuwa na mtu wa kukuuliza wiki hii ulitembea, na kama hukutembea ni nini kilikuzuia, twende basi. Sisi huku nyumba zimejaa watu lakini wote wako upande wa lala.

Mtu wa hapa akisikia mazoezi anawaza wale wa futingi ya Jumamosi asubuhi na firimbi yao, ama watu wa Muhumba na viatu vya bei. Mimi sina jezi wala sitanunua. Bukavu ukifungua mlango tayari unapanda ao unashuka, tambarare utaitafuta. Kipimo nilichofundishwa ni hiki: ukitembea unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, basi huo ni mwendo wa kadiri. Kwa vilima vya Kadutu wimbo unakatika kabla ya kiitikio! Katikati ya shimio nilikuwa naishia kwenye nguzo ya umeme ya kwanza, nashika nguzo, napumua, narudi, na siku mbili tatu za kwanza baada ya dawa hata nguzo niliiangalia tu kwa dirisha, hiyo nayo ni sawa. Kesho kutwa yake unajaribu tena.

Mkono njo ulinipa kazi zaidi. Walinitoa tezi za kwapani, bega likashikana, nikawa siwezi kuvaa nguo ya kupitisha kichwani bila mtoto kunivuta. Kine, yule mtaalamu wa hospitali wa kunyoosha viungo kwa mazoezi, akanionyesha kitu rahisi: unasimama uso kwa ukuta, unaweka vidole, unavipandisha kidogo kidogo mpaka pale bega linakataa, unakaa hapo unapumua, unashuka. Nikawa naweka alama ya makaa kila nilipofika, mukwe wangu akaja siku moja akaanza kugombeza watoto nani anachafua ukuta wa sebule. Nikamwambia mama, huo uchafu ni mimi, na nikampandia ukuta mbele yake. Alicheka, lakini baadaye njo alikuwa ananikumbusha nikisahau.

Na kuna ile sheria ya zamani kwamba mkono wa upande uliopasuliwa usibebe kitu maisha yako yote. Nilipewa na mimi. Sasa mwanamke wa hapa asiyebeba kitu atakuwa anaishi wapi? Kusonga bugali ya watu wanane tu ni kunyanyua chuma. Tena sheria yenyewe imepitwa: 2009 huko Marekani walichukua wanawake 141 ambao mikono ilikuwa tayari imevimba baada ya kansere ya titi, wengine wakainua uzito mara 2 kwa wiki, wakianza na kidogo sana na kuongeza taratibu na mwalimu pembeni. Uvimbe haukuzidi, na wale walioinua uzito walipata mara chache zaidi zile siku mbaya za mkono kufura. Mimi nilianza na kibidon cha lita 5 nusu yake maji. Sijasema uamke kesho ubebe bidon ya 20 toka robine mpaka juu, ukifanya hivyo ni wewe na mkono wako. Ukiona pete inabana, mkono umekuwa mzito ama ngozi inavutika, unaacha na unarudi kwa kine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hatulisemi kwa sauti. Wagonjwa wengi hawalali juu wamechoka, wanalala ili waaminiwe. Shimio nyingi zinarudi kila wiki 3, kila safari ni pesa ya dawa, ya egzame ya damu, ya njia, na pesa hiyo kwa wengi wetu inatoka kwenye kotizo ya familia. Februari 2025 vita ilipofika mabanki hapa mjini yalifunga, tangu hapo kila mtu anatoa kwa maumivu, na anayetoa kwa maumivu anataka kuona mgonjwa. Mtu wa kwetu alinikuta soko ya Nyawera nachagua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, nimejisitiri vizuri na rangi ya mdomo nimepaka, jioni ujumbe ukaingia kwenye grupu la WhatsApp: "Tumemuona mgonjwa sokoni, Mungu ni mwema, sasa tuangalie na mizigo mingine ya familia." Mizigo mingine! Nilikuwa bado na shimio mbele yangu. Shangazi yangu akanipigia usiku, akaongea chini chini: "Mwanangu, ukitokaka usijipambe vile. Funga kitambaa, tembea pole pole. Batu batasema ulipona, na feza nani atatoa tena?"

Shangazi si mtu mbaya, anajua hesabu za familia kuliko mimi. Lakini angalia tunachofanyiana: ili nipate dawa ya kunisaidia kuishi lazima nionekane kama mtu anayekufa, na kwa kuonekana hivyo, kwa kulala, kwa kuacha kuoga mchana, kwa kutojipaka mafuta, kweli naanza kudhoofika. Mimi nikaamua kutuma kwenye grupu picha ya ordonansi, karatasi ya dawa ya munganga, na ya fakitiri, kila mara, bila maneno mengi. Anayetaka kujua kama naumwa asome karatasi, uso wangu aniachie. Wengine walikasirika wakaacha kutoa, siwezi kudanganya, na bado naona ni bora hivyo. Upande wa kanisa ni hivyohivyo kwa kinyume, ukionekana unatembea wanakuita mbele utoe ushuhuda umeponywa, na nimeona mtu akatoa ushuhuda na akaona haya kurudi kwenye matibabu. Tuachwe tutembee bila kutangazwa wazima na bila kutangazwa marehemu.

Si kila mtu atembee hivi hivi tu, na hapa naomba usome polepole. Kansere ikiwa imefika kwenye mifupa, usibebe wala kuinama vibaya mpaka munganga aseme mfupa upi unavumilia nini, juu unaweza kuvunjika kwa kitu kidogo. Damu ikiwa imepungua sana au chembe za kugandisha damu ziko chini, unapunguza. Ukiwa na homa ya 38 na kupanda wakati wa shimio usitembee kwenda popote isipokuwa hospitali, na usingoje asubuhi, hata usimeze parasetamolo ili ishuke kwanza. Ile dawa nyekundu ya shimio, doksorubisini, inaweza kugusa moyo, kwa hiyo ukisikia pumzi inakata ukiwa umelala ama miguu miwili inavimba, sema. Kuna na dawa zinazotia miguu ganzi, unakanyaga hujui umekanyaga nini, na mvua ya mwezi wa 11 ikishanyesha zile ngazi za udongo zinateleza, babushi weka nyumbani vaa kiatu kinachofunga kisigino. Jioni sishauri kabisa, kwa usalama wa mji mnajua wenyewe, toka asubuhi watu wakiwa wengi njiani.

Wanaovuka mpaka kwenda kutibiwa hospitali ya Butaro kule Rwanda ama Kampala, kwenye basi mnakaa saa nyingi magoti yamekunjwa, na kansere peke yake inaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mguu. Basi likisimama shuka, hata kama umechoka, zunguka basi mara kadhaa, na ndani ya basi pandisha na shusha visigino. Mguu mmoja ukivimba na kuuma na kuwa wa moto, hiyo haraka kwa munganga, usisubiri ufike nyumbani upake mafuta.

Chakula nitapita haraka juu kila mtu ana orodha yake ya vitu vya kukataza, eti usile yai, usile nyama, sukari inalisha kansere. Misuli haijengwi na chai kavu. Maharage, sambaza, yai ukipata, bugali na sombe yako, kula kidogo mara nyingi kama kichefuchefu kinakusumbua.

Kwa walio na mgonjwa nyumbani, ombi langu ni dogo. Msimnyang'anye kazi zote siku ya kwanza. Muulizeni ipi anataka kubaki nayo, mmoja atasema kufua vitu vidogo, mwingine kuchambua lengalenga, mwingine kupeleka mtoto shule ya hapo karibu, na mkishajua muachieni hata akichukua saa nzima kwa kitu cha dakika kumi. Chagueni mmoja kati yenu, aliye na miguu na asiye na maneno mengi, awe anatoka naye. Na kabla ya operesheni, kabla, si miezi sita baadaye bega likiwa limeshagoma, ulizeni hospitali kama kuna kine na mnamuona siku gani. Mimi nilimpata kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha pili aliniambia yupo, mlango wake uko nyuma ya maabara, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa amenitajia.