Watu huketi wapi?

Ami yangu alipokuja kunitembelea Copenhagen, Denmark, nilimpeleka Strøget, mtaa mkuu wa maduka, siku ya pili tu. Ndiko ninakowapeleka wageni wangu wote. Tulianzia uwanja wa Jumba la Jiji, Rådhuspladsen, tukashika njia kuelekea uwanja wa Kongens Nytorv, kilomita moja na ushei ya maduka, na gari hakuna. Hata baiskeli, ambayo Wadenmark wanaipenda kama wanavyowapenda watoto wao, hapo unashuka ukaikokota.

Ami alitembea kimya. Alimtolea salamu kila aliyepishana naye, mkono kifuani, na wengi walipita bila kuinua macho. Tulipofika Amagertorv, penye chemchemi ya korongo, akasimama. "Mwanangu, watu huketi wapi?"

Nikamwonyesha viti vya mkahawa. Akauliza bei ya kahawa, nikamwambia, akatikisa kichwa. Basi tukaketi ukingoni mwa chemchemi, kama wanavyofanya vijana wa hapa, na ndipo uso wake ulipokunjuka.

Swali lile sijalisahau, kwa sababu wenyeji wenyewe huu mtaa waliupata kwa vita. Zamani Strøget ilijaa magari pomoni. Ulipofungwa kwa majaribio tarehe 17 Novemba 1962, wenye maduka walilalamika kwamba biashara itakufa. Wapo waliosema kuwa Wadenmark si Waitaliano, hawana desturi ya kuranda barabarani, tena kwenye baridi kama hii. Biashara haikufa. Mwaka 1964 ukafanywa wa waenda kwa miguu moja kwa moja. Msanifu majengo Jan Gehl akatumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyotembea, wanavyosimama na wanavyokaa katika mitaa hii, na leo miji mikubwa ya dunia inafuata mafunzo yake.

Kila nikisikia sifa hizo roho yangu inaruka hadi kwetu Amu, yaani mji wa kale wa Lamu, pwani ya Kenya. Sisi tunao Usita wa Mui, mtaa mkuu unaopita katikati ya mji sambamba na pwani, na haukuwahi kumsubiri mtaalamu aje aufunge. Wazee waliujenga mwembamba ili kuta zitiane kivuli, kwa kipimo cha mtu na punda wake. Tena kwenye milango ya nyumba kubwa wakaweka madaka, yale mabaraza ya mawe yanayotazamana, apate pa kupumzika mwenye nyumba na mpita njia pia. Hulipi kitu. Muuza kahawa anapita na dele lake, anagonga vikombe, unakunywa kahawa tungu, unaulizwa hali ya nyumbani na ya mgonjwa wenu. Ukipita bila kusalimu, habari itafika kwa mama yako kabla yako wewe. UNESCO iliuingiza mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2001.

Kwa hiyo sikubali ninapowasikia vijana wetu wakisema Amu iko nyuma kwa kuwa haina barabara za magari. Nimeishi kwa wenye magari. Nimewaona wakiyaondoa, tena kwa gharama na ugomvi, ili wapate robo ya kile tulichozaliwa nacho. Na bado hawajapata daka. Strøget ni safi, taka huzoi mguuni, taa zinawaka, mama mwenye kigari cha mtoto anapita bila hofu, na hayo natamani tuyaige leo hii. Lakini ni mtaa wa kununua. Ukishanunua, unaondoka.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Nilikuwa dukani, hatua chache kutoka kwa Ami, pikipiki ilipoingia mtaani kwa kasi, honi haikomi. Watoto walijibanza ukutani. Ami alikuwa anainuka dakani kumpisha mtu, usukani ukamkumba begani, akaangukia goti. Kikombe kikavunjika. Kijana hakusimama.

Najua anatafuta riziki, na simtakii njaa. Ila pikipiki na iishie nje ya mji wa kale. Kutoka hapo, kwa mzigo, upo mkokoteni, yupo punda, upo mgongo wa kijana mwingine anayetafuta riziki vilevile. Kama Mdenmark anaweza kushuka baiskeli yake kwenye mvua ya Novemba, sisi tunashindwa nini? Huu mtaa ukishaharibika hatutaujenga tena; hata mawe yale hayachimbwi siku hizi kama zamani.

Goti limepona. Nilipompigia simu juzi baada ya alasiri, saa ambayo zamani nilikuwa nasikia vikombe na mabishano ya wenzake, palikuwa kimya. Nikamuuliza yuko wapi. Yuko ndani, akasema, mlango ameufunga.