Mtoto wa Tabaka apewe jiwe au apewe msasa?

Ukifika Tabaka, kule Kisii, mawe ya sabuni, yale laini ya kuchonga, ndiyo yanayokupokea. Yamerundikwa kando ya njia, meupe, ya waridi, ya kijivu. Nyuma ya nyumba mtu ameketi na panga anamtoa kiboko ndani ya jiwe. Pembeni pana beseni la maji, na msimu wa likizo anayeliinamia mara nyingi ni mtoto, kipande cha msasa mkononi. Wanaopita hapo hugawanyika. Kuna anayeona urithi ukipokezanwa, na kuna anayeona ajira ya watoto. Nawaelewa wote wawili, ila naona wameruka swali moja: mtoto yule amepewa kazi gani hasa?

Wanaotaka watoto waanze mapema wana hoja nzito. Jiwe la sabuni limejaa talki, madini laini kiasi cha kukwaruzwa kwa ukucha. Mtoto wa miaka minane, akisimamiwa, anaweza kulikwangua kwa tupa na kisu butu akaona umbo likijitokeza siku hiyohiyo. Tena linafunza jambo ambalo udongo wa kufinyanga haulifunzi. Udongo ukikosea unaongeza. Jiwe ukishalipunguza, limepungua. Kwa hiyo mtoto hulazimika kuligeuza pande zote kabla hajakata, aligonge asikie kama lina ufa, afikirie sikio la ndovu litashikiliwa na nini lisivunjike. Sijaona somo jingine linalomtuliza mtoto mwenye haraka namna hiyo.

Wazee nao husema samaki mkunje angali mbichi. Ujuzi huu hauko vitabuni. Mtu huupata kwa kukaa karibu na anayeujua. Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege imesimama katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris, alitokea katika jamii hiihii ya wachongaji.

Upande wa pili una jambo ambalo mapenzi ya utamaduni hayawezi kulifuta, nalo ni vumbi. Jiwe likikatwa au kusuguliwa kavu hutoa unga mwepesi unaoingia kifuani, na katika baadhi ya mawe ya aina hii unga huo huchanganyika na madini mabaya zaidi, hata asbesto. Mwaka 2024 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka talki katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Ndiyo maana desturi ya kusugua kinyago ndani ya maji ina thamani kubwa kuliko tunavyoipa, na mashine ya umeme inayokata jiwe kavu haifai kuwashwa palipo na mtoto. Timbo silijadili hata kidogo: shimo lililochimbwa kwa mikono, lenye kuta zinazolowa mvua, si mahali pa mtoto.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na wa kuanzia hapo hadi 16 inamruhusu kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumtoa shuleni. Lakini uani kwa mama hakuna anayejiita mwajiri. Mnunuzi ameleta oda ya viboko mia, anavitaka Ijumaa, bei ni ndogo, na mikono ya nyumbani haidai ujira.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotetea kila kitu kwa jina la urithi. Mtoto anayesugua viboko mia vilivyochongwa na mwingine hajafundishwa kuchonga. Hakuchagua jiwe, hakuwaza umbo, hakukosea kitu kilicho chake. Kwa wasichana ni zaidi: kwa desturi wanaume ndio wachongao, wanawake huosha na kung'arisha, na binti anaweza kukulia katikati ya mawe bila kushikishwa panga hata mara moja. Urithi gani huo unaompa mtoto uchovu wake na kumnyima siri yake?

Shule ingeweza kusaidia. Mtaala wa umilisi umeipa sanaa nafasi, na sekondari pevu ina mkondo wa sanaa na michezo. Lakini mwalimu asiye na jiwe wala hajawahi kulichonga atafanya nini? Kuchonga kipande cha mche wa sabuni kwa kijiko si mwanzo mbaya kwa wadogo; hakina vumbi, na makosa yake huishia kwenye kufulia. Baadaye aitwe mchongaji wa kijijini, alipwe kama mwalimu, si kuombwa afadhili. Jiwe liwe limelowa tangu mwanzo hadi mwisho, darasa lifanyike nje, na panga libaki mkononi mwa mkubwa hadi umri ufike.

Na kitakachotoka hapo kisiuzwe. Mzazi mwenye shida ataona ninamnyima shilingi, na sipuuzi shida yake. Lakini kiboko cha kwanza cha mtoto, hata kiwe na mguu mmoja mfupi, akipeleke nyumbani akiweke dirishani, ili kesho akitazame na kuona alipokosea.