Mmoja kati ya sita

Ninaishi Kenya, na kabla msomaji wa Mombasa hajaniuliza habari za Fort Jesus, aelewe kwamba Kenya yangu ni komini, yaani wilaya moja ya mji wa Lubumbashi kule Kongo, yenye soko lake, vumbi lake jekundu wakati wa kiangazi na tope lake jekundu wakati wa mvua. Nimepanga vyumba viwili katika parsele, yaani uwanja mmoja wa nyumba za kupanga, yenye milango 6, bomba 1, mwembe 1 na choo 1, na hicho cha mwisho kimetufahamisha sisi kwa sisi kuliko ukoo wowote ule. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kutoka mlangoni kwangu hadi barabara kuu ninakopandia basi ni hatua 310, ambazo mtu mwenye miguu mizima huzimaliza kwa dakika 4. Mimi huzimaliza kwa dakika 25, kwa sababu njiani pana watu.

Watu wenyewe sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na salamu zao. Mama Mapacha, ambaye huwa bombani tangu saa kumi na moja alfajiri, hataki kujua tu kama nimeamka, jambo ambalo angeligundua kwa kunitazama. Hutaka kujua mgongo wangu umeamkaje, shemeji yangu aliyeko Kolwezi ameamkaje, na kwa nini unga wa mahindi umepanda bei tena, kana kwamba mimi ndimi ninayefungua na kufunga mpaka wa Kasumbalesa, tunakopakana na Zambia. Nikimaliza kwake ninakutana na fundi redio, kisha muuza makala, yaani mkaa, kisha mama wa maandazi, na kila mmoja anaanza upya na mgongo wangu.

Nilijaribu kupita uchochoro wa nyuma, ambao una hatua 200 zaidi lakini hauna mtu isipokuwa bata. Siku ya tatu parsele ilikuwa imekwisha kunikatia hukumu tatu: kwamba nina deni kwa mama wa maandazi, kwamba nina mwanamke uchochoroni, na kwamba nimejiunga na kanisa linaloharamisha salamu. Hukumu ya kwanza ilikuwa ya kweli, lakini deni lenyewe lilikuwa dogo, na ndiyo maana iliniuma kuliko zile za uongo.

Nisijifanye malaika, kwani hata mimi kichwani mwangu nina mahakama inayokaa usiku na mchana, bila wakili na bila rufaa. Mwezi wa kwanza, tope likiwa limefika vifundoni, mwendesha pikipiki mmoja alipita karibu nami na kuimwagia suruali yangu pekee iliyopigwa pasi rangi yote ya ardhi ya Katanga. Hawa waendesha pikipiki hapa kwetu tunawaita manseba, maana yake wajomba, na nadhani hakuna mji mwingine ambamo mtu hupakwa tope na mjomba wake kisha akamlipa nauli. Nilimhukumu papo hapo: hana adabu, hakulelewa, anavuta bangi, na mama yake naye aitwe aeleze. Nilimpa kifungo cha maisha. Wiki moja baadaye nilimkuta bombani akimchotea maji Mama Mapacha, ambaye ni dada yake, naye akanieleza kwa heshima kubwa kwamba siku ile petroli ilikuwa inaisha, na alikuwa akiwahi kushika kasi ya mteremko kabla pikipiki haijazimika. Nikajikuta natikisa kichwa na kusema, "Kweli, mteremko ule si wa kuupoteza." Hivyo ndivyo nilivyonyang'anywa chuki yangu, tena ikiwa bado mpya. Dereva wa jipu yenye vioo vyeusi, aliyenimwagia tope mahali pale pale siku ya pili yake, anaendelea kutumikia kifungo hadi leo, kwa sababu hakuna aliyenitambulisha kwa dada yake.

Nilimlalamikia mpwa wangu anayesomea saikolojia katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, naye akafurahi kama mganga aliyeletewa kidonda alichokuwa akikitafuta. Alinieleza kwamba jambo hilo lina jina lililotolewa mwaka 1977 na mwanasaikolojia aitwaye Lee Ross: mwenzako akikosea unasema ni tabia yake, wala huyatazami mazingira yaliyomkosesha. Nikamwambia kwamba huyo Ross huenda aliwaona watu wa kwao. Mimi nikichelewa kazini ni kwa sababu ya salamu. Walimu wenzangu wakichelewa ni kwa sababu ni wavivu, na jambo hilo limethibitishwa na mimi mwenyewe.

Mpwa akaondoka, lakini aliniachia balaa jingine. Alinisimulia kwamba katikati ya mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti inayosema kwamba duniani mtu 1 kati ya 6 anasumbuliwa na upweke. Akaongeza kwamba Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, na Japani ikateua wa kwake mwaka 2021. Nilicheka hadi mgongo ukauma. Sisi hapa tungehitaji waziri wa kinyume chake, ambaye angetia saini amri ya kumpa kila raia saa moja kwa juma ya kutoulizwa lolote.

Kosa langu lilikuwa kuipeleka hesabu hiyo bombani. Niliieleza vizuri, kama ninavyowaeleza wanafunzi wa mwaka wa tatu: chukueni watu 6, mmoja wao ni mpweke. Sikukumbuka kwamba parsele yetu ina milango 6. Pakawa kimya, ndoo ikaendelea kujaa hadi ikamwagika, kisha wote, pamoja na mtoto mmoja ambaye hajajua kuhesabu, wakanigeukia mimi.

Matibabu yalianza jioni ile ile. Mama Mapacha alimtuma mtoto na sahani ya bukari, yaani ugali, na sombe, yaani kisamvu, akiwa na agizo la kutoondoka mpaka nimalize, na mtoto yule alilitekeleza agizo kama askari wa forodha. Fundi redio, ambaye anaamini kwamba mpweke hapaswi kusemeshwa bali kukaliwa karibu, alikuja umeme ukiwa umekatika, akakaa nami kimya saa 2 nzima hadi mshumaa ukaisha. Mshumaa ulikuwa wangu. Wanakwaya watatu walikuja kuiombea nafsi yangu nikiwa ninasahihisha mitihani, na naamini wanafunzi kadhaa walipata alama zisizo zao kwa sababu ya aleluya. Mwenye nyumba naye alikuja kunifariji, akanishika bega, akaniambia kwamba siko peke yangu, kisha akanikumbusha kodi ya miezi 2. Sijawahi kutamani upweke kama nilivyoutamani katika wiki zile za kutibiwa upweke.

Halafu mzee wa kona akafa.

Huyu ni mtu ambaye mahakama yangu ilikuwa imemfunga kwa muda wa miaka 6. Alikuwa mstaafu wa kiwanda cha kuyeyushia shaba, kile chenye bomba refu la moshi lililosimama kando ya mlima mweusi wa taka za madini. Kila asubuhi alikaa kwenye kiti chake nje ya ukuta wao, nami nilimwamkia, naye hakujibu. Siku za mwanzo nilifikiri ana mawazo. Baada ya mwezi nilijua ana majivuno, ya wale watu wa zamani waliozoea kugawiwa posho na kampuni, ambao wanamwona mwalimu kama chaki iliyovunjika. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba jioni, nikirudi nimechoka, alithubutu kuniita, "Jambo, mwalimu!" Mimi, nikiwa na hadhi yangu, nilipita kimya ili ajue utamu wa dawa yake mwenyewe.

Kwenye kilio nilienda kwa sababu ya daftari la michango, kwani asiyeandikwa humo siku ya mwenzake ajue kwamba siku yake atalia peke yake na mbuzi. Nikaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na moto. Ikafika zamu ya wajukuu, ambao kwa desturi yetu ndio wenye ruhusa ya kumtania marehemu mbele ya jeneza na mbele ya wajane, na hakuna anayeweza kuwakasirikia. Mmoja wao, kijana mrefu, alivaa koti na kofia ya babu yake, akakaa kwenye kile kiti, akageuka kuelekea mashariki. Mwenzake akapita nyuma yake akipiga kelele za salamu, na kijana akaendelea kuota jua bila kutikisika. Watu walicheka hadi machozi yakawatoka upya. Kisha akageuza kiti kuelekea magharibi, mwenzake akapita akinyata, na kijana akaruka kama aliyechomwa: "Jambo! Jambo sana!"

Mimi ni mwalimu wa hesabu na jiometri, na hata hivyo nilihitaji kuelezwa na jirani yangu wa kiti cha pili. Sikio la kushoto la mzee lilikuwa limekufa kiwandani, katika miaka ya ngurumo za tanuru. Barabara yetu iko kaskazini mwa nyumba yake, naye alikuwa akifuata jua. Akitazama mashariki asubuhi, sikio lililokuwa upande wetu ni la kushoto. Akitazama magharibi jioni, ni la kulia. Mtaa mzima ulijua, isipokuwa mimi, kwa sababu habari hiyo hutolewa katika ile sehemu ya salamu inayofuata baada ya mgongo, na mimi sikuwahi kuisubiri ifike.

Nilikuwa bado ninazigeuza pembe zile kichwani nilipoona kijana anaanza mchezo wa pili. Mwenzake alibana begi kwapani, akainua kidevu, akapita mbele ya kiti kwa hatua ndefu za mtu anayedaiwa maandazi. "Jambo, mwalimu!" Kimya. "Jambo, mwalimu!" Kimya. Kijana akawageukia waombolezaji, akasema kwa sauti ya babu yake, "Muacheni, mwanangu huyu masikio yake yote mawili yamekufa." Nikagundua kwamba kilio kizima kilikuwa kinanitazama, kama bombani.

Wajukuu wana haki ya kutoza faini, na yangu ilikuwa ya salamu zote nilizoacha kuzijibu. Nikajitetea kitaaluma: miaka 6, siku kama 200 za shule kila mwaka, ni salamu 1,200, lakini paondolewe siku za mgomo wa walimu, ambazo si chache. Walijadiliana wakanipunguzia 200. Nikatoa franki 5,000, wakazipokea kwa mikono miwili, kisha wakasema hizo ni za maji ya kunywa. Salamu zenyewe bado.

Basi nikainuka, nikapita upande wa kulia wa kile kiti, nikasema, "Jambo, mzee." Kijana akainua kofia, akataka kujua nimeamkaje, mgongo umeamkaje, shemeji aliyeko Kolwezi ameamkaje, na wale bata wa uchochoroni wanasemaje, nami nikajibu moja baada ya jingine, nimesimama, wakati chai ya kilio ikigawiwa nyuma yangu hadi ikaisha.