Kwa Nini Nakusanya Kadi za Pirates Wote, Siyo za Nyota Peke Yao

Habari za kadi za besiboli zinazowafikia watu wasioufuatilia mchezo huo huwa ni za mamilioni ya dola. Mwezi Agosti 2022, kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa mwanzoni mwa karne ya 20 wa Pittsburgh Pirates, timu ya besiboli ya Marekani, iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Mwezi Machi 2025, kadi ya mrushaji kijana wa timu hiyohiyo, Paul Skenes, yenye kiraka kilichotolewa kwenye jezi aliyoivaa katika mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, iliuzwa kwa dola milioni 1.11 baada ya mtoto wa miaka 11 kuikuta ndani ya pakiti. Mimi ni mshabiki wa Pirates na nakusanya kadi zao, na naamini kwa dhati kwamba habari za namna hii zimewapotosha wengi. Ukikusanya kadi za timu unayoipenda, hazina yako ni kikosi kizima, mwaka hadi mwaka, wakiwemo wachezaji ambao hakuna anayewaulizia mnadani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kushika kadi hizi, ni vipande vya kadibodi ambavyo siku hizi kwa kawaida vina upana wa inchi 2.5 na urefu wa inchi 3.5, mbele picha ya mchezaji, nyuma takwimu zake. Zamani ziliwekwa ndani ya pakiti za sigara. Baadaye kampuni ya Topps ya Brooklyn ikaziuza pamoja na chingamu, desturi iliyoendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Toleo la mwaka mmoja huwa na mamia ya kadi, na za timu moja huwa chache kiasi cha kuweza kukamilishwa na mtu wa kipato cha kawaida, kwa sababu nyingi kati yake ni za wachezaji ambao soko huwahesabu kuwa wa kawaida tu na kadi zao huuzwa kwa bei ndogo sana.

Hao wa kawaida ndio ninaotaka kuwatetea, na mfano wangu mkubwa ni tarehe 1 Septemba 1971. Siku hiyo, katika uwanja wa Three Rivers, kocha Danny Murtaugh alipanga dhidi ya Philadelphia Phillies kikosi cha kuanza ambacho wachezaji wake wote tisa walikuwa Wamarekani weusi au weusi kutoka nchi za Amerika ya Kilatini, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ligi kuu. Walikuwa Rennie Stennett, Gene Clines, Roberto Clemente, Willie Stargell, Manny Sanguillén, Dave Cash, Al Oliver, Jackie Hernández na mrushaji Dock Ellis. Pirates walishinda 10 kwa 7, na mwezi uliofuata wakatwaa ubingwa kwa kuwafunga Baltimore Orioles katika mechi ya saba ya fainali. Magazeti makubwa ya Pittsburgh yalikuwa katika mgomo wakati huo, kwa hiyo jiji lenyewe halikuwa na ukurasa wa kukata na kuhifadhi asubuhi iliyofuata.

Kadi, hata hivyo, zipo. Wote tisa wamo katika toleo la Topps la mwaka 1972, na kwa kuwa ukurasa wa albamu ya wakusanyaji una mifuko tisa, kikosi cha siku ile kinaenea chote katika ukurasa mmoja. Nimewapanga kwa utaratibu wa zamu zao za kupiga, kuanzia Stennett hadi Ellis. Mnunuzi anayefuata bei angechukua Clemente na Stargell, kwa kuwa wote wawili wamo katika Ukumbi wa Heshima wa besiboli huko Cooperstown, na angewaacha saba waliobaki. Lakini ukiwaacha Clines na Hernández, lile tukio la Septemba halipo tena. Umebaki na picha za watu wawili mashuhuri.

Kadi za Clemente mwenyewe zinafundisha jambo ambalo bei zake hulificha. Alizaliwa Carolina, Puerto Rico, mwaka 1934, akaichezea Pirates kuanzia 1955 hadi 1972, na tarehe 30 Septemba 1972 akafikisha mapigo 3,000 yaliyomfikisha salama kwenye kituo, idadi ambayo wachezaji wachache sana wameifikia. Tarehe 31 Desemba mwaka huohuo alifariki katika ajali ya ndege iliyokuwa ikipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi nchini Nicaragua. Kadi yake inayotafutwa kuliko zote ni ya mwaka wa kwanza, 1955, na juu yake limeandikwa jina lake, Roberto. Anayeinunua hiyo peke yake hawezi kujua kwamba kuanzia 1957 hadi 1969 kampuni ya Topps ilimwita Bob, jina ambalo halikuwa lake, wakati waandishi wa habari nao walikuwa wakinukuu Kiingereza chake kwa tahajia ya kumdhihaki. Mwaka 1970 Roberto akarudi kwenye kadi, misimu mitatu tu kabla ya mwisho wake. Ili kuliona hilo unahitaji kadi za katikati, zile ambazo orodha za bei huzipita haraka, uzipange kwa miaka na uzisome moja baada ya nyingine. Sijui njia nyingine inayoonyesha kwa uwazi kama huo jinsi mtu alivyonyimwa jina lake kwa muda mrefu na kurudishiwa akiwa karibu kumaliza kazi.

Ipo pia nafasi tupu ambayo hakuna fedha itakayoijaza. Katika miaka ya 1930 na 1940, Pittsburgh na vitongoji vyake vilikuwa na timu mbili bora kabisa za ligi za weusi, waliokuwa wamezuiwa kucheza ligi kuu: Pittsburgh Crawfords na Homestead Grays, na mdakaji Josh Gibson alizichezea zote mbili. Kampuni za kadi za Marekani hazikuwatengenezea wachezaji hao kadi walipokuwa uwanjani. Gibson alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson kuwa mchezaji mweusi wa kwanza kuingia ligi kuu katika karne ya 20. Mwaka 2024 ligi kuu ilizitambua rasmi takwimu za ligi hizo, na wastani wa Gibson wa kupiga, .372, yaani mapigo 372 kwa kila majaribio 1,000, ukawa wa juu kuliko wa mpigaji mwingine yeyote katika historia. Pirates walichelewa kufungua mlango. Wengi humtaja Curt Roberts, aliyeanza mwaka 1954, kuwa mchezaji mweusi wa kwanza wa klabu hiyo, ingawa Carlos Bernier wa Puerto Rico, naye mweusi, alimtangulia mwaka 1953. Kadi zao zote mbili za Topps zipo, na mimi huziweka pamoja, kwa sababu sioni haki ya kumchagua mmoja na kumfuta mwenzake.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nahifadhi pia kadi za kuanzia 1993 hadi 2012, misimu 20 mfululizo ambayo Pirates walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Jibu langu ni fupi: mashabiki walikuwepo miaka yote hiyo, na wachezaji hao ndio waliokuwa wetu.

Mmoja wa wachezaji wasio na bei anapaswa kuwagusa wasomaji wa Afrika kuliko Wagner na Skenes kwa pamoja. Gift Ngoepe, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikulia katika chumba kilichokuwa ndani ya jengo la klabu ya besiboli ya Randburg, ambako mama yake alifanya kazi. Tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na jezi ya Pirates, aliingia uwanjani na kuwa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya besiboli, na katika zamu yake ya kwanza ya kupiga alimpata mrushaji Jon Lester wa Chicago Cubs kwa pigo safi. Alicheza mechi 28 tu kwa Pirates, na wastani wake ukawa .222, takwimu ambazo kwa hesabu ya soko humfanya mchezaji wa kupuuzwa. Kadi zake zinapatikana kwa bei ya kikombe cha kahawa. Baada yake klabu hiyohiyo imemsajili mrushaji kutoka Uganda, David Matoma, aliyeanzia katika timu zake za chini, na katika albamu yangu ukurasa wa Ngoepe una mifuko minane iliyo wazi.